Shati, Sketi na Jina la Babu

Baada ya kukosa nafasi chuoni, nilijifundisha historia ya maneno kwa kamusi kuukuu niliyoikuta kwa wauza vitabu wa barabarani mjini. Humo nilikutana na *skurtijǭ, yaani vazi fupi, neno la mababu wa lugha za Kiingereza na Kijerumani. Nyota ya mbele ina maana kwamba hakuna aliyewahi kulikuta limeandikwa popote. Wataalamu walilipata kwa kulinganisha wazao wake: Wajerumani walibaki na jina la aproni, Waingereza wakawa na mawili, nasi tukayachukua yote, shati na sketi. Mama alishona vyote viwili, sare za shule, chumbani kwetu Waithaka. Nilimwambia ni ndugu.

“Ndugu gani, na moja haina mikono?”

Lakini nilikwisha kunasa. Kama babu hupatikana kupitia wajukuu, hata mimi ningempata wangu. Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Mimi sikupewa. Baba hakuwahi kwenda kwa wazazi wa mama kujitambulisha, kwa hiyo nikaitwa kwa jina la baba ya mama. Baba alikuwa na mwana mwingine, mkubwa wangu. Huyo angekuwa na jina nililolitaka. Nilichora ukoo wetu mara tisa, nikichana karatasi kila mstari ulipopinda. Nakiri sikusukumwa na mapenzi. Sikuweza kuvumilia ile nafasi tupu.

“Huyo kaka yako anauza misumari River Road,” mama alisema, macho kwenye cherehani. “Enda. Lakini usirudi hapa ukilia.”

Nilikariri salamu njia nzima. Nilipomwona, na masikio yale yangu, nikaisahau.

“Sasa. Mimi… tuko na baba mmoja.”

Alinitazama. “Karibu kwa chama. Wewe ni wa ngapi?”

“Sijui. Nataka tu kujua unaitwa nani.”

Akanitajia. Nikatoa kalamu. “Hilo ni la baba yake baba?”

“La baba ya mama. Huyo baba yetu alikuja lini kunipatia la kwao?”

“Na mtoto wako, ulimpa la baba?”

“Kijana wangu ana jina la babake mke wangu. Jina la huyo baba yetu haliitwi kwa nyumba yangu.”

Mteja akaomba misumari ya inchi tatu, naye akageuka kuipima. Nilibaki nimesimama pale, nikijua kwamba nikijaliwa mvulana, nami nitafanya vivyo hivyo.