Chakula na Vinywaji kwenye Boti ya Kilwa

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nilimwambia mama mkwe wangu kuwa boti ya kwenda kisiwani Kilwa, kwetu, kile cha ziwani si cha pwani, ni meli ya anasa. Nilimwambia. Ilikuwa miaka ya sabini, nimetoka chuo kikuu juzi, na mchumba wangu alikuwa mtoto wa watu wa Lubumbashi wanaokula kwa uma. Mama yake alipotaka kuja kuwaona wazazi wangu, nilimwahidi chakula cha moto na vinywaji njiani.

Alifika bandarini Nchelenge amevaa glavu nyeupe. Chakula kilikuwepo: sufuria moja juu ya jiko la makaa, katikati ya magunia ya samaki wakavu. Kinywaji kilikuwa munkoyo wa mahindi, kikombe kimoja kwa boti nzima. Desturi ni kila abiria aje na unga wake. Mimi, msomi, nilisahau wetu.

“Bunga yenu iko wapi?” akauliza mama mchuuzi aliyeshika mwiko.

“Hatuna,” nikasema.

“Basi mama wa glavu atasonga bukari. Hapa mutu hakuli bure!”

Abiria wakacheka. Mama mkwe akavua glavu, akanikabidhi, akasonga ugali wa unga wao mpaka jasho likamdondoka. Hakunisemesha tena mpaka aliporudi kwao. Nikajua uchumba umekwisha.

Baada ya wiki niliitwa posta kupokea simu. Ilikuwa sauti yake.

“Mutoto, ile meli yako inatoka tena lini? Siku ya ndoa nitakuja na bunga yangu. Ile yao ilikuwa na muchanga.”