Sharubati ya Zambarau

Mwanangu, ipo siku moja hainitoki kichwani mpaka leo. Dadangu alikuwa akiolewa hapa Kibokoni, nami nilikuwa msichana wa umri wako hivi. Kwetu hakukuwa na kitu, lakini ulikuwa msimu wa zambarau, na zambarau hazimshindi mtu. Basi nikakaa na shoga yangu Zarina, binti wa muuza kanga wa Biashara Street, tukatengeneza sharubati ya wageni. Mimi nikikamua, yeye akitia iliki na ndimu kwa ujuzi aliourithi kwa mamake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tulipoionja tulitazamana tu. Nyekundu iliyokoza, ina ukakasi kidogo mwishoni, yapoza mpaka kifuani.

Wanawake walipokwisha kukaa, akaingia Bi Rukiya, shangazi wa bwana harusi, mtu wa mali na maneno. Akaliona sinia letu la bilauri.

"Hii ni nini?"

"Sharubati ya zambarau, Bi. Karibu uonje."

"Zambarau ni za watoto wa barabarani. Nimeleta soda za chupa. Hii kaimwageni, msituaibishe."

Mama akainamisha uso. Alichelea ndoa ya mwanawe isiingie doa siku ile ile, na simlaumu. Zarina alikwishaanza kulirudisha sinia jikoni. Nikalishika upande wa pili.

"Bi Rukiya, wewe ni mkubwa wetu, na mkono wako naubusu. Lakini hii haimwagwi. Kama huitaki, usinywe."

Zarina akageuka nami. Tukampita, tukaanza kwa wazee. Bibi mmoja akanywa, akauliza kama ipo nyingine. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Haikubaki hata tone.

Bi Rukiya hakuonja, wala hakunisamehe. Alikufa haitikii salamu yangu. Dadangu aliishi na mumewe kwa raha, na mimi na Zarina tukafungua kibanda Makadara, tukaiuza sharubati ile kwa bei ambayo hata hamali aliimudu.

Basi mwanangu, mkubwa mheshimu, mpishe njia. Lakini akikwambia uitupe kazi ya mikono yako kwa kuwa ni ya bei nafuu, kataa, tena kataa kwa adabu. Urahisi si uduni. Na wengine hawatakuridhia maisha yao yote, waache.

Mola akujaalie ulimi mtamu na shingo ngumu, akukutanishe na mwenzi wa kazi mwenye moyo safi. Amin.