Kipandauso Nilichokibuni

Mwanangu, Alhamisi ile naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoolewa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, Mashimoni yetu kule Kibera yote ikawa matope, na mimi nilitakiwa kutembea hadi Kawangware kumwona Mama Vero. Sikwenda.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeajiriwa na Daktari Nafula, mtafiti wa ubongo, mama mpole asiyependa maneno mengi. Alikuwa akitafuta chanzo cha kipandauso, yale maumivu yanayoshika upande mmoja wa kichwa mpaka mtu hataki kuona mwanga wala kusikia sauti. Yeye mwenyewe yalimsumbua tangu utotoni, na kwao walisema ana mapepo. Usicheke; wapo wanaosema hivyo hata leo. Alitaka kujua kwa nini yanawashika hawa na kuwaacha wale: ni njaa, ni kukosa usingizi, ni moshi wa jiko, ama ni damu ya ukoo? Basi wanawake thelathini wa Kibera na Kawangware walifunguliwa madaftari, nikayatunza mimi, na kazi yangu ilikuwa kuwatembelea kila wiki, kuwauliza, na kuandika walichosema, neno kwa neno.

Mama Vero alikuwa muuza chapati. Majibu yake yalifanana wiki baada ya wiki. Kwa hiyo Alhamisi ile nilikaa kitandani, blanketi miguuni, nikamjazia: kichwa upande wa kushoto, mara mbili, nyota mbele ya macho, akalala, kikapoa. Ijumaa nikapeleka daftari.

Daktari aliusoma ukurasa, akarudi kwenye ule wa nyuma, akausoma tena. Akauliza Mama Vero anaendeleaje.

"Ako vile vile tu, Daktari," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, basi. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Angenikemea ningepumzika. Jumamosi nilimpigia Mama Vero simu, mteja hapatikani. Nikajiambia simu imeisha chaji, watu huishiwa chaji kila siku. Nikapiga tena, na tena. Jumapili kanisani sikusikia mahubiri hata kidogo. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, lakini anayeipita huiona ndefu ajabu.

Jumatatu nikaenda kwa miguu, nusura nikimbie. Mahali pake pa kuuzia palikuwa patupu, jiko limefunikwa gunia. Jirani akanielekeza chumbani. Nilimkuta ameketi kitandani, uso ameuelekeza mlangoni, lakini hakunitambua mpaka nilipotaja jina langu.

"Agneta," akasema, "nilikungoja Alhamisi. Nilitaka uandike kichwa imebadilika. Sasa inauma kila asubuhi, natapika, na macho inaingia giza."

Hakunilaumu. Alidhani ni mvua tu iliyonizuia.

Nikampigia Daktari palepale, nikamweleza yote, hata uongo wangu, maana sikuona namna ya kueleza moja na kuacha lingine. Alisema nikae naye, anakuja. Hospitalini tulingoja kwenye benchi tangu saa nne hadi jioni. Hicho hakikuwa kipandauso tena; maji yalikuwa yamezidi ndani ya fuvu, yanaibana mishipa ya macho. Walimtibu. Jicho la kulia lilirudi. La kushoto halikurudi sawasawa, na waliomtibu walisema siku zile nne zilikuwa nyingi. Baadaye, kila niliponunua chapati kwake, ilimbidi ageuze uso mzima ili anitazame.

Ni kwenye benchi lile Daktari aliponiambia, bila kupandisha sauti, "Mimi natafuta ukweli ndani ya vichwa vya hawa wamama. Wewe umeniletea kilichotoka kwa chako. Sasa nitajuaje kurasa gani zingine ni zako?"

Niliapa kuwa ni ule mmoja tu. Ilikuwa kweli, wala haikusaidia. Samaki mmoja akioza, wote wameoza; madaftari yote thelathini yakawekwa kando, na Daktari akaanza upya na mtu mwingine. Nasikia watafiti bado wanahangaika na chanzo cha ugonjwa ule. Huwa najiuliza kama kulikuwa na jibu dogo katika madaftari yale, na swali hilo halijanipa raha mpaka leo.

Sasa wewe umepata kazi, umepewa tableti, utaenda mlango kwa mlango ukiuliza watu habari za miili yao. Mtu akikukabidhi uchungu wake, uandike ulivyo. Kama hukufika, andika kwamba hukufika. Pengo kwenye ukurasa ni aibu ya siku moja tu. Usimjibie mgonjwa eti kwa sababu umemzoea. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha ya mwenzangu, na aliyelia ni yeye.

Mungu akupe moyo wa kusikia hata yale usiyoyatarajia, na akuepushe na hofu kama ile niliyoibeba. Nenda salama, mwanangu, na mikono yako iwe ya kuaminika.