Kura Niliyomnyima Mtani Wangu

Meya wetu hachaguliwi na mji mzima. Tunaomchagua ni sisi madiwani, ukumbini, kwa vikaratasi. Mimi nilikuwa diwani wa kata ya pembeni ya mji wetu huku Unyamwezini, kata ya mihogo, tumbaku na mvua isiyo na adabu.

Meya aliyekuwa madarakani alikuwa mtani wangu. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, na makabila yetu yanataniana tangu enzi za misafara. Mbele ya watu aliniita mpagazi wake, akidai babu wa babu yangu aliuangusha mzigo wa babu wa babu yake mahali fulani kabla ya Igalula, na kwamba mpaka leo unatafutwa. Mimi nilimwambia kwao ngoma ya harusi huanza kabla bwana harusi hajapatikana. Akija kwangu hakusubiri kukaribishwa. Alifunua sufuria mwenyewe, akala michembe yangu, viazi vikavu vya kwetu, huku akiiponda. Nilimpenda sana mtu yule.

Tatizo lilikuwa kalavati. Kijito chetu kikijaa, kata nzima inakatika, na zahanati iko ng'ambo. Mwaka ule mke wa mwanangu alijifungulia kwenye majani, akisubiri maji yapungue. Mtoto alikuwa mzima, lakini mimi nilitetemeka siku mbili. Mtani wangu alikuwa ameliahidi kalavati lile mpaka ahadi yenyewe ikaota uyoga. Mpinzani wake, mwalimu mstaafu asiyejua kutania hata kidogo, alikuja akavua viatu, akavuka kijito na kupima upana wake kwa kamba.

Nikaamua. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kuuma na kupuliza, nilimwambia mtani wangu mapema, kwenye ngazi za ukumbi, kwamba kura yangu hapati. Akacheka mpaka akashika ukuta. Nikarudia nyumbani kwake, mbele ya mkewe: simpi, kwa ajili ya kalavati. Akamwambia mkewe aone wapagazi wa siku hizi wanavyogoma. Mara ya tatu nilikunja uso kabisa, na hilo ndilo lililomfurahisha zaidi. Akawaambia wapambe wake wasihangaike na mimi, kura yangu anayo tayari.

Akashindwa kwa kura moja.

Alimpa mshindi mkono, kisha akaja mpaka kwenye kiti changu. Nilikaa tayari, nikisubiri anitukane. Akasema, "Hongera kwa uchaguzi, Mheshimiwa Diwani," akaenda zake. Sijawahi kuumizwa na tusi kama nilivyoumizwa na heshima ile. Kalavati lilijengwa, na sikujuta kumnyima kura. Lakini kila tulipokutana sokoni alinisalimia vizuri, akaulizia watoto, akaulizia shamba, nami nikarudi nyumbani nimenuna.

Mwaka jana mama yangu akafariki. Kwetu msiba usio na watani umepooza. Wao ndio wanaofanya vituko mpaka wafiwa wapumue. Nilimwona mtani wangu amekaa nyuma kabisa, katulia, kavaa koti lake zuri, nikajua ameamua kuwa mgeni kama wageni wengine. Mimi nilikuwa sijalia tangu jana yake. Ndugu waliotoka Kaliua walikuwa wameanza kunitazama vibaya.

Jeneza lilipoinuliwa, yule mzee mzima alipenya katikati ya watu, akalitandaza koti lake mlangoni, akalala chali juu yake. Wabebaji wakasimama.

"Hapiti mtu hapa," alisema. "Kwanza mpagazi wangu anirudishie kiti changu."

Nikacheka mbele ya jeneza la mama yangu. Nikacheka mpaka nikachuchumaa, na hapo ndipo nilipoweza kumlilia.