Kesi ya Utoto wa Dogo

Fundi bomba mmoja alikuwa na miaka arobaini na mitatu, lakini sura yake iligoma kukua. Ndevu hazikuota, mashavu yalibaki ya mviringo, na kimo nacho kilikatikia njiani. Mtaa mzima ulimwita Dogo, hata vijana waliozaliwa yeye akiwa tayari anazibua masinki ya kwao. Mteja mgeni akifungua mlango humtazama, kisha huchungulia nyuma yake na kuuliza, "Baba yako anakuja?" Dogo hujibu kwa sauti nzito, kama inatoka ndani ya pipa, "Fundi ni mimi, mama. Nionyeshe panapovuja." Wala hakununa. Mara nyingi alicheka kabla ya mwenye nyumba.

Dada yake mkubwa, msusi asiyeishiwa maneno, ndiye aliyemwingiza kwenye mtandao wa kutafuta wenza. "Au utaoa mabomba?" alimuuliza. Picha aliyoiweka Dogo ilimwonyesha mgongo tu, kichwa kikiwa chini ya sinki. Mwalimu mmoja wa udereva, mwanamke wa makamo, akamwandikia kwamba yeye walau anaonekana ana kazi. Basi wakaanza kutumiana ujumbe wa sauti. Mwalimu alimsimulia wanafunzi wanaofumba macho wakikata kona; Dogo alimsimulia meno ya bandia aliyoyatoa kwenye bomba yakiwa mazima. Namba za simu walikuwa bado hawajapeana. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aombe.

Hapo ndipo ilipotoka sheria mpya. Watoto walikuwa wakijitengenezea vitambulisho vya uongo kwa akili mnemba na kujipenyeza kwenye mitandao ya wakubwa, kwa hiyo kampuni itakayowapokea itawajibika, na atakayetumia kitambulisho hicho naye atajibu. Kampuni ya mtandao ule ikaingiwa na hofu, ikaweka programu ya kuwakagua wote upya. Dogo akapiga picha kitambulisho chake na uso wake, akatuma, akarudi kazini. Programu ikaona uso wa mtoto na kadi ya mtu mzima, ikakata shauri kwamba kadi ni ya kughushi. Akaunti ikafungwa, na malalamiko yakapelekwa ofisi ya usuluhishi. Mwalimu naye akapata ujumbe kwamba mtu aliyekuwa akizungumza naye anashukiwa kuwa mtoto, na kwamba anaombwa aje kutoa ushahidi.

Dada mtu aliposikia alicheka mpaka akaweka kitana chini. Kisha akakasirika. "Tunakwenda wote. Nimekubeba mgongoni, najua ulizaliwa lini."

Dogo hakuogopa kesi. Kilichomkereketa ni kwamba mwalimu sasa angemwona tapeli, na hakuwa na njia ya kumwambia vinginevyo.

Siku ya shauri walikaa kwenye benchi la ukumbini. Akaja mwanamke mrefu aliyevaa miwani ya jua kichwani, akakaa kando yao, akamtazama Dogo kwa huruma. "Mwanangu, na wewe umeitwa? Au umemsindikiza mama?"

Dada akafungua mdomo, lakini Dogo, aliyemtambua mgeni kwa picha yake ya mtandaoni, akamwahi. "Mimi ndiye niliyeitwa, mwalimu. Samahani kwa usumbufu."

Yule mwanamke akaganda. Sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikiliza kila asubuhi akinywa chai. "Wewe ndiye wa meno ya bandia?" akauliza taratibu.

"Ndimi."

Akacheka, akajiziba mdomo, ikashindikana. Dada akacheka naye. Walipoitwa ndani, msuluhishi alilazimika kungoja wote watatu wafute machozi.

Mwanasheria wa kampuni, kijana mpole, alieleza kwamba masharti yanamtwika mtumiaji lawama zote. Afisa wa vitambulisho akachukua alama za vidole vya Dogo, akaangalia kwenye kompyuta yake, akasema kadi ni halali na wameitoa wao.

"Nani aliikagua kwa macho kabla ya kumshtaki?" msuluhishi aliuliza.

"Programu tu, mheshimiwa. Lakini huyu angekuwa mtoto kweli, leo tungekuwa sisi kwenye kiti chake."

"Hofu yenu naielewa. Ila programu mliichagua wenyewe, basi makosa yake ni yenu. Hamwezi kumsukumia yeye."

Akaamuru akaunti ifunguliwe, wote wawili waombwe radhi kwa maandishi, na tangu siku ile mtu asishtakiwe kabla binadamu hajatazama. Alipomuuliza Dogo kama anadai fidia, Dogo alitikisa kichwa. "Waandike tu barua kwamba mimi ni mtu mzima. Nitaibandika kwenye boksi la vifaa."

Mwanasheria alicheka kwa raha, akaahidi kuitia saini mwenyewe.

Nje, mwalimu aliomba namba ya simu kabla hawajafika getini. Jumamosi iliyofuata akamweka Dogo nyuma ya usukani kwenye uwanja mtupu, naye Dogo akaomba mto wa kiti ili aone mbele. Gari likaruka, likazima, likaruka tena. Dada, aliyejipachika kiti cha nyuma bila kualikwa, akapiga kelele za kutaka kushuka. Wao wawili hawakumsikia. Walikuwa wanabishana kuhusu klachi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kushinda.