Mzee Aliyeona Suheli Mbili

Simu iliita asubuhi nikiwa bado na povu la sabuni kidevuni, na nilipoona jina la mke wake nilijua. Kwa ugonjwa ule, simu ya saa kumi na mbili asubuhi haiji kukuuliza umeamkaje. "Mwandishi, mzee ametutoka," alisema mama yule, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa, ya mtu aliyemaliza kulia kabla siku yenyewe haijafika. Tumemzika kwao Kikwe, nyuma ya nyumba aliyozaliwa, na Mlima Meru ulijifunika mawingu tangu ibada ilipoanza mpaka tulipomaliza kufukia. Siandiki habari zake kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa mpimaji ardhi mstaafu, mkazi wa Engutoto hapa Arusha, mzee mbishi mwenye darubini uani kwake. Ninaandika kwa sababu ya namna alivyogundua kwamba anakufa. Nilikuwepo jioni ile, na tangu siku hiyo sijatulia.

Pale msibani nilisikia maneno, na ninyi wasomaji wangu mnajua msiba haukosi wajuaji. Mmoja alisema ni lile bomba la darubini lililomnyonya macho. Mwingine akadakia kwamba binadamu hakuumbwa kuchungulia mbinguni kila jioni, lazima na huko wamchungulie yeye. Upuuzi mtupu! Nilitaka kusimama niwaambie, mke wangu akanivuta shati nikakaa. Basi nitawaambia hapa. Katika miezi ile ya mwisho, mle uani darubini ndiyo pekee iliyokuwa ikimwambia mzee ukweli, nayo ndiyo aliyoishuku.

Tulijuana kwa ugomvi. Niliwahi kuandika hapahapa kwamba mtu wa mjini anaishi kama nyota, kila mmoja na upweke wake, na kusema kweli nilijiona nimetoa neno la maana. Wiki haikuisha, akanipigia mtu nisiyemjua. "Wewe ndiye mwandishi?" Nikasema ndimi, shikamoo. Marahaba haikuja. "Nani kakwambia nyota zinakaa peke yazo? Uliziuliza? Nyingi zinakaa mbilimbili, zinazungukana, na wewe unawadanganya watu gazetini. Njoo Engutoto nikuonyeshe, halafu ukaandike upya." Nilikwenda nikiwa nimenuna. Nilikuta darubini yenyewe, bomba fupi, nene, lenye kioo ndani, limesimama kwa miguu mitatu kati ya kamba ya kuanikia nguo na banda la kuku. Alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Mkewe alituletea chai ya maziwa, akaniambia, "Karibu, mwanangu, umekuja kuwekwa darasani."

Mzee alikuwa na sheria yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Yeye anaangalia kwanza, halafu anasogea pembeni, mdomo kaufunga. Unaangalia wewe. Kisha anakuuliza swali moja tu: "Unaona ngapi?" Jioni ile aliilenga darubini kwenye nyota ya chini kabisa ya Msalaba wa Kusini, ile ambayo kwa macho matupu ni moja, huna wasiwasi nayo. Nikachungulia nikasema moja. Hakunisahihisha. "Endelea kuangalia," alisema. Nikaendelea mpaka jicho likatulia, na mara katikati ya ule mwanga nikaona ufa mwembamba wa giza, na nyota mbili nyeupe zimekaa bega kwa bega. "Ziko mbili!" nilipiga kelele, kuku wakashtuka bandani. Mzee alicheka mpaka akatoa leso. "Sasa hizo ni zako," alisema. "Ningekwambia mapema ziko mbili, ungeona mbili hata kama hazipo. Macho yana tabia mbaya, yanapenda kumfurahisha mwenye nayo."

Sheria hiyo aliitoa kazini. Alipima mashamba Meru nzima, na aliniambia mpimaji hapimi peke yake hata siku moja. Mmoja anasimama kwenye mashine, mwingine anashika fimbo kule ng'ambo, halafu wanabadilishana, na kila mmoja anasoma bila kusikia alichosoma mwenzake. Aliwahi kuona ndugu wa tumbo moja wakishikiana mapanga kwa ajili ya jiwe la mpaka, na kila mmoja alikuwa anaapa kwa jina la Mungu kwamba analiona jiwe pale anapotaka liwe. Hawakuwa waongo, alisema, walikuwa wanaangalia peke yao. Nikakumbuka wanasiasa wetu, nikakumbuka na sisi waandishi.

Katika nyota zote alizozipenda kwa kuwa na wenzake, kulikuwa na moja aliyoiheshimu kwa kukosa mwenzake. Ni ile kubwa, nyeupe, inayosimama kusini jioni za kiangazi cha mwanzoni mwa mwaka. Jirani yake mmoja, mzee wa asili ya Pwani, alimfundisha kuiita Suheli. Kila alipoanza kazi aliilenga hiyo kwanza. "Hii ni moja," alikuwa akisema. "Ukiiona mbili, kifaa kimeharibika. Usiendelee mpaka umekitengeneza." Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi hata nikawa namtania, namwambia yeye na Suheli yake wana ukiritimba kama wa ofisi ya serikali.

Halafu kazi ikanipeleka Dodoma, nikakaa huko miezi kadhaa. Hakuna mwingine aliyekuwa akienda kukaa naye pale uani. Majirani walimwogopa kidogo, watoto wake wako mbali, na mama hapendi umande. Mzee akabaki anaangalia peke yake.

Niliporudi mwezi wa pili nilikwenda Engutoto jioni, jua limetua punde. Mama alinipokea jikoni, akafunga mlango. "Mwandishi," alisema kwa sauti ya chini, "mzee wangu anaona watu." Nikamuuliza watu gani. Akasema juzi walikuwa wamekaa barazani, mama wa maziwa akasimama getini, na mzee akauliza, "Wale wageni wawili ni akina nani?" Jumapili wakitoka kanisani aliwapungia mkono watu wakati njia nzima alikuwepo mtu mmoja. Gari ameacha kuendesha, anasema siku hizi barabara ina magari mengi mno. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, na yeye anameza dawa za malaria. Wazee wa usharika walikuja wakaomba. "Lakini gazeti anasoma vizuri, hata yale maandishi madogo," alisema. "Akili anazo. Sasa ni nini, mwanangu?" Nilitoka nje kumfuata mzee uani.

Mzee alinipokea kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Alinitazama kwa upande, shingo ameigeuza, kama kuku anavyoiangalia punje. "Umechelewa kurudi!" alisema. "Mwandishi, Suheli imegawanyika." Akanieleza kwamba kwa macho matupu anaziona mbili, bega kwa bega, waziwazi, na kila siku zinazidi kuachana. Lakini akiilenga darubini, zinarudi kuwa moja. Tangu dunia iumbwe, alisema, haijasikika nyota inayoonekana mbili kwa macho ikawa moja kwenye darubini, kwa hiyo darubini ndiyo mbovu. Ameshafungua kioo, amekisafisha, amekaza skrubu zote, na bado inakataa. Akiitengeneza tu, ataandikia wenzake wa nje wanaofuatilia nyota pacha, na jina la Engutoto litajulikana. Mzee wa watu alikuwa anang'aa uso. Halafu, kwa mazoea tu, akafunga mdomo, akasogea pembeni, akanyoosha kidole kusini. "Unaona ngapi?"

Jamani, nilitamani niseme mbili. Niliangalia, nikafikicha macho, nikaangalia tena. "Moja, mzee."

"Tulia. Endelea kuangalia."

"Moja."

Ng'ambo ya nyumba za jirani kuna mnara wa simu, na juu yake taa nyekundu inayowaka jioni. Akageuza kidole polepole. "Na pale mnarani, wamefunga taa ngapi?" Nikamwambia moja. "Hawajaongeza nyingine?" Nikasema hawajaongeza, mzee, ni ileile. Sikiliza, mtu aliyepima ardhi maisha yake yote huhitaji kumweleza mara mbili. Aliinua kiganja akaliziba jicho la kushoto, akautazama mnara. Akaliachia, akaziba la kulia, akautazama tena. Kisha akayafungua yote mawili, akakaa kwenye kigoda chake taratibu, mkono umeshika mguu wa darubini. "Darubini haikukosea," alisema. Kisha akaongeza, "Si nilikwambia? Ukiiona mbili, kifaa kimeharibika."

Aliniomba nisimwambie mama. Nilimwambia palepale jikoni, na ningemwambia hata kama angenilaani, maana aliyelala naye kitanda kimoja ndiye mwenye haki ya kujua. Kesho yake tulikwenda hospitali. Daktari alitueleza kwa maneno mepesi: kuna uvimbe kichwani, umeminya mshipa wa fahamu unaoliongoza jicho kwenda pembeni. Kitu cha karibu macho yote mawili yanakifikia, ndiyo maana gazeti lilisomeka. Cha mbali jicho moja linabaki nyuma, kila moja linaleta picha yake. Na kwenye darubini mtu anaangalia kwa jicho moja, kwa hiyo Suheli ilikuwa ikirudi kuwa moja, ikimwambia, mzee, mimi sijabadilika. Nilimuuliza daktari kama tungewahi. Alipanga makaratasi yake, akasema uvimbe wa pale hata ungeonekana mapema ungekuwa mgumu. Sikujua kama ananifariji au ananieleza ukweli.

Nimeliwaza sana jambo hili. Mtu wa kawaida akiona vitu viwiliviwili anakimbilia hospitali kesho yake. Yeye alifurahi, kwa sababu maisha yake ya uzeeni yote alikuwa anatafuta mbili mahali penye moja, na ugonjwa ukamletea alichokitaka. Hapo ndipo ninapoogopa. Nauangalia mji wetu huu, kila mtu ameinamia simu yake, na simu imeshamjua, inampa kile anachokipenda. Anayetafuta maadui anawaona wengi, wanaongezeka kila siku. Anayetafuta miujiza anaipata kila Jumapili. Mwenye biashara anayetamani faida anaiona kila kona mpaka siku anapofungiwa mlango. Wote macho yao mazima, wanasoma mpaka maandishi madogo, na hakuna aliyekaa kando yao akaulizwa anaona ngapi. Tunayo mashine nyingi za kuangalia, lakini yule mwenzetu wa kushika fimbo ng'ambo tumemwacha njiani.

Wodini walimziba jicho moja kwa kitambaa ili asisumbuke. Kila saa ya mama kuja ilipokaribia, mzee alikivua. Nilimuuliza kwa nini, akacheka kidogo. "Kitanda changu kiko mwisho, mlango uko kule," alisema. "Anaingia mama, wawili. Mungu kaniongezea mke wa pili bila mahari. Wakifika katikati ya wodi wanaanza kusogeleana. Wakinishika mkono, ni mmoja." Nilicheka naye. Lakini siku zilivyokwenda, mahali pa kuungana palizidi kusogea. Kwanza palikuwa katikati ya wodi, halafu kitanda cha jirani, halafu miguuni pake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ananieleza, kwa utulivu uleule wa kazini, na mimi nilikuwa nasikiliza huku nimeshika ukingo wa kiti.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mama alikuwa ameshakaa pembeni ya kitanda, mkono wake ndani ya mkono wa mzee. Macho ya mzee yalikwenda upande huu, yakaenda upande ule, hayakujua yatulie wapi. "Mwandishi," aliniambia, "leo hawakuungana." Mama aliangalia dirishani. Nikauliza swali la kijinga: sasa unamjuaje aliye wa kweli? Akaubana ule mkono. "Huyu ndiye mwenye joto," alisema. "Yule mwingine ni wa macho tu." Akayafumba.

Wasomaji wangu, sina fundisho kubwa kuliko hilo. Macho yako mwenyewe yanaweza kukufurahisha mpaka kaburini. Tafuta mtu mmoja aliye karibu nawe, mwenye joto, asiyekuogopa, mruhusu akwambie "moja" siku unayoona mbili, na usimkasirikie. Mimi ninaye. Siku hizi jioni, hapa mtaani kwetu Daraja Mbili, namwita mke wangu tunasimama mlangoni tunautazama mnara wa upande wetu, nao una taa nyekundu juu. Namuuliza, "Unaona ngapi?" Amechoka na swali hilo, anasema nitamtia kichaa. Lakini anajibu. Na mimi idadi yangu siisemi mpaka niisikie ya kwake, na kabla hajafungua mdomo, kila jioni, ninaogopa.