Lumbesa ya Marejeo

Kabla sijafungua duka la kuchapa na kudurufu pale Makambako, kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia ya viazi. Gunia likipanda kwenye lori nalihesabu, likishuka nalihesabu tena, na idadi zikitofautiana siongei na mtu mpaka nijue gunia limeishia wapi. Tabia hiyo nimehama nayo. Hata salamu ukiniitikia nusu, nadai iliyobaki.

Asubuhi hiyo upepo wetu ulikuwa unataka kuondoka na mlango. Akaingia mwalimu wa chuo kutoka Njombe, mwanamke wa rika langu, koti zito, flashi kaishika kama mtu aliyebeba yai.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene, dada. Funga mlango kwanza, tusije tukafanyia kazi barabarani."

Njombe umeme ulikatika tangu alfajiri, akaeleza, na kompyuta yake haina betri ya maana. Alikuwa ameandika makala kuhusu akina mama wa Mawengi, kule Ludewa alikozaliwa, na jinsi wanavyohifadhi mbegu ya viazi isioze wakati wa mvua. Jarida liliipenda, lakini lilikuwa limeirudisha mara mbili kwa sababu ya marejeo, yaani ile orodha ya mwisho ya vitabu na makala alizozitumia. Barua aliyonipa ilisema hii ni mara ya tatu na ya mwisho. Makala ifike leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Marejeo yasizidi arobaini. Kila jina lililo kwenye mabano ndani ya makala lionekane kwenye orodha. Vinginevyo nafasi anapewa mwingine.

"Miaka minne napanda na kushuka milima ile," alisema. "Halafu wananikatalia kwa nukta na mabano."

Sikuwahi kushika kazi ya jarida. Mimi ni mtu wa barua za maombi na ratiba za harusi. Lakini niliposoma "yasizidi arobaini," mwili ulinisisimka. Lugha hiyo naijua.

Nikahesabu orodha kutoka juu, arobaini na saba. Nikahesabu kutoka chini, arobaini na saba.

"Dada, hii ni lumbesa. Umejaza gunia, ukalishonea na kilemba juu. Watu wa vipimo lazima wakukamate."

"Yote ni muhimu, kaka."

"Sijawahi kukutana na muuzaji aliyesema vinginevyo. Huyu wa kumi na mbili anasema nini?"

"Kwamba mbegu haitaki mwanga mkali."

"Na huyu wa kumi na tatu?"

Akainamia kioo. "Kwamba mbegu haitaki mwanga mkali."

"Mmoja ashuke."

"Wa kumi na tatu ni mkuu wangu wa idara."

"Nimeuliza anasema nini, sijauliza ni nani."

"Basi ashuke wa kumi na mbili," akasema haraka, tukacheka wote wawili.

Tulishindania kila jina namna hiyo. Akishusha mmoja anataka kumpandisha mwingine kwa mlango wa nyuma, namrudisha. Kila aliyeshuka kwenye orodha tulimfuta na ndani ya makala. Kufika saa saba tulikuwa na arobaini na moja, naye akatoka kutafuta chai na chapati kabla ya pambano la mwisho.

Nikabaki na orodha, nikaanza kuinyoosha kama jarida lilivyotaka. Jina la ukoo mbele, herufi ya jina la kwanza, mwaka kwenye mabano, kichwa cha makala, jina la jarida kwa herufi za mlazo, juzuu, toleo, kurasa. Nilidhani nitachoka. Badala yake nikajikuta napiga mluzi. Mistari ilikuwa inakaa sawa mmoja baada ya mwingine, na kila nilipokamata nukta iliyopotea moyo ulinidunda, kama siku zile nilipofunga lori na hesabu ikakubali.

Karibu na mwisho nikakutana na rejeo la ajabu. Jina la mama fulani, Mawengi, mazungumzo. Hana mwaka, hana mchapishaji, hana kurasa. Nikasema huyu ndiye aliyetuzidi. Nikamfuta kwenye orodha. Arobaini! Nikapiga meza kwa furaha.

Kisha nikahesabu majina yaliyo ndani ya makala. Arobaini na moja. Nikarudia, arobaini na moja. Gunia moja limepotea, na aliyelishusha ni mimi.

Mwalimu alirudi, akaipitia orodha kwenye kioo, akaweka chapati mezani polepole.

"Umemtoa mama mkubwa."

"Hana mwaka, dada."

"Mbegu ninayoiandika ni yake. Yeye ndiye aliyenionyesha. Bila yeye situmi."

Alisema bila kelele, na mimi nikaona aibu. Kwetu Kitandililo nilikokulia, ukipanda mbegu uliyopewa, mtu akikuuliza unamtaja aliyekupa. Usipomtaja hakuna atakayekugombeza. Msimu ujao tu, kila nyumba utakayobisha mbegu imekwisha. Nililelewa na sheria hiyo, na nilikuwa nimeivunja kwa kidole kimoja.

"Basi tumtoe mkuu wa idara," nikasema.

"Na Jumatatu nikafundishe wapi, dukani kwako?"

Tulibishana mpaka saa kumi na robo. Hapo nikakumbuka maelekezo ya jarida yaliyokuja na barua, kurasa kumi na moja za Kiingereza, na nikakumbuka kwamba nimeyasoma mara moja. Mimi! Mara moja! Nikaanza upya, kidole kwenye mstari. Ukurasa wa tisa, chini, kwa maandishi madogo, palisema kuwa mazungumzo na mahojiano hayawekwi kwenye orodha. Msemaji anatajwa ndani ya makala tu, kwa jina, mahali na tarehe.

"Dada! Mama mkubwa hayumo kwenye hesabu! Amepanda bure!"

Aliruka, kiti kikaanguka. Kisha akakiinua polepole. "Tarehe sikuandika."

Akapiga simu Mawengi, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo, mama mkubwa. Niko dukani, mwenye duka ananihesabia majina kabla hatujatuma makala. Ile siku uliyonionyesha mbegu ilikuwa lini?"

"Marahaba. Siku uliyokuja na viatu vya mjini ukateleza?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Jumamosi. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani, mwaka jana."

Mimi karatasi situpi. Ukutani kalenda za kanisa zimening'inia tatu, moja juu ya nyingine. Nikafunua ya juu, nikaipata sikukuu kwenye ya mwaka jana, nikarudi siku moja nyuma.

"Wanataka kukuandika kwenye jarida, mama, kwa jina lako. Unakubali?"

"Nakubali. Lakini mbegu mimi nilipewa na mama mkwe, alitoka nayo Makete. Naye muandike."

Mwalimu akanitazama, mimi nikautazama ukurasa wa tisa. Haukukataza. Tukaongeza maneno machache, mama mkubwa akiwa na mkwe wake ndani ya mabano yaleyale.

Saa kumi na moja na nusu tukatuma. Mduara ukazunguka kwenye kioo, ukazunguka, kisha maandishi ya kijani yakatokea. Marejeo arobaini, makala imepokelewa kwa ajili ya kuchapishwa. Mwalimu akapiga kigelegele kilichowatoa wenye duka la jirani.

Simu ikaita, akaweka tena sauti ya juu. Mama mkubwa.

"Imefika?"

"Imefika, mama!"

"Huyo mwenye duka amehesabu?"

"Mara mbili, mama," nikajibu mwenyewe.

"Hesabu tena, mwanangu."

Makala ilikuwa imekwishaondoka. Nikavuta kiti, nikaanza na wa kwanza.